Kulala ndani ya ukuta wa Marrakech: mwongozo kamili wa riadi ya kifahari, kuanzia kubuku hadi kuondoka

Ujumbe unaonifikia karibu kila mwezi ni uleule. Mtu amelipia riadi nzuri Marrakech, Morocco, picha zinavutia, waliotangulia wameisifu, lakini siku ya kufika mambo yanaharibika. Teksi imemshusha kwenye lango la mji wa zamani saa nne usiku, ramani ya simu inazunguka tu, na kijana asiyemjua amelishika sanduku lake anatembea mbele. Mwingine kafika salama, ila kapewa chumba cha orofa ya juu kabisa, ngazi ni nyembamba na wima, na mama mzazi aliyemleta kupumzika ana maumivu ya magoti.

Karibu makosa yote haya hufanyika mapema, siku ya kubuku. Riadi ni nyumba ya familia iliyogeuzwa kuwa hoteli ndogo ya vyumba vichache. Haina kibao kikubwa wala ukumbi wa mapokezi unaotazama barabara. Mtu wa Lamu au Unguja ataielewa upesi: nje ni ukuta mtupu na mlango, uzuri wote uko ndani, vyumba vimeuzunguka ua. Nyumba ya namna hiyo humtarajia mgeni wake kwa jina na kwa saa. Usipojitambulisha mapema, hakuna wa kukupokea kichochoroni.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Pasipoti na viza. Masharti hutofautiana kwa uraia, kwa hiyo thibitisha na ubalozi wa Morocco kabla ya kulipia chochote kisichorudishwa.
- Kadi mbili za benki za kimataifa, zikae mifuko tofauti. M-Pesa na ndugu zake hazitakusaidia huko.
- Simu inayokubali laini ya mtandao wowote, WhatsApp ikiwa tayari, na ramani ya Marrakech iliyopakuliwa ili ifunguke bila intaneti.
- Karatasi yenye jina la riadi, jina la kichochoro, namba ya mlango, lango la mji lililo karibu na namba ya simu ya nyumba. Iandikwe kwa Kifaransa na Kiarabu. Waombe wenyewe wakuandikie.
- Adapta ya umeme. Plagi zetu za pini tatu bapa haziingii kule. Wao hutumia pini mbili za mviringo.
- Begi dogo la mgongoni lenye dawa, nguo za usiku mmoja na vitu vya thamani.
- Vizibo vya masikio. Ukija kati ya Novemba na Machi, ongeza sweta nzito.

## Hatua ya 1: Chagua mtaa kwanza, nyumba baadaye

Mji wa zamani, wenyewe huuita medina, umezungukwa na ukuta wa udongo mwekundu wenye malango mengi. Kila lango huitwa *bab*. Magari hupita kwenye baadhi ya malango na kuishia mahali fulani. Baada ya hapo ni miguu. Kwa hiyo swali la kwanza ni umbali kutoka gari linapoishia hadi mlangoni, na hali ya njia hiyo usiku.

Bab Doukkala na Dar el Bacha, upande wa magharibi. Gari husogea karibu, njia hazichanganyi sana, na uwanja mkuu wa Jemaa el-Fna unafikika kwa miguu. La Maison Arabe iko upande huu, karibu kabisa na lango.

Kasbah, kusini, jirani na Makaburi ya Wasaadi, ukoo wa wafalme wa zamani. Njia zake ni pana kidogo na usiku ni tulivu. La Sultana imepakana na makaburi hayo.

Mouassine, katikati ya masoko. Huu ndio mtaa wa ndoto za wengi, na kweli unapendeza. Lakini baadhi ya njia zimefunikwa juu, umati ni mkubwa, na maduka yakifungwa usiku alama zote ulizozikariri mchana hutoweka nyuma ya milango ya mbao.

Kaskazini, kuelekea zawia ya Sidi Bel Abbes. Hapa wanaishi wenyeji, na mara nyingi kwa fedha ileile utapata nyumba bora zaidi. Gharama yake ni kutembea.

Maoni yangu hayajabadilika: safari ya kwanza lala Kasbah au Bab Doukkala, Mouassine iache kwa safari ya pili. Ukiwa na mzee, mtoto mchanga au mtu mwenye shida ya kutembea, usikubali zaidi ya dakika 3 za kutembea, hata kama riadi ya mbali ni nzuri mara mbili. Wenye mfuko mpana wana njia nyingine kabisa: Royal Mansour, iliyofunguliwa mwaka 2010, ni kama mtaa mzima wa riadi 53 ndani ya uzio wake, na gari linafika getini.

*Umefaulu ikiwa* unaweza kutaja kwa kinywa lango lako, mahali gari litakaposimama na dakika za kutembea.

## Hatua ya 2: Buku chumba, usibuku picha ya ua

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Picha inayokuvuta ni ya ua: chemchemi, michungwa, vigae vya rangi. Lakini hutalala uani.

Anza na majina. Kwa asili, riadi ni nyumba yenye bustani ndani, aghalabu vitalu vinne na chemchemi katikati. Yenye ua bila bustani huitwa *dar*. Siku hizi neno riadi hubandikwa kwenye zote mbili. Tofauti yake kwako ni mwanga, kwani madirisha ya vyumba hutazama ndani. Ua mdogo ukizungukwa na orofa mbili, chumba cha chini huwa na giza hata saa sita mchana.

Chumba cha chini ni poa wakati wa joto na hakina ngazi. Lakini Januari, usiku unaposhuka hadi nyuzi 5 au 6, sakafu ya vigae huwa baridi kweli. Tena uko pale pale wanapoandaliwa wageni kifungua kinywa, kila kijiko utakisikia.

Chumba cha juu, karibu na paa, kina hewa na mwanga. Julai na Agosti joto hupita nyuzi 40 mara kwa mara, na jua la mchana kutwa huingia darini. Bila kiyoyozi kinachofanya kazi sawasawa, hapalaliki.

Chumba cha orofa ya kwanza, chenye varanda inayotazama ua, ndicho ninachopendekeza kwa watu wengi.

Kisha bafu. Riadi nyingi za kifahari huachia bafu na chumba vitenganishwe na tao au pazia tu, bila mlango. Kwa mume na mke si tatizo. Kwa mama na mwanawe wa kiume, au marafiki wanaochangia gharama, ni aibu ya kila asubuhi. Kuta na sakafu za bafu mara nyingi ni za tadelakt, chokaa inayosuguliwa kwa jiwe na sabuni ya mizeituni hadi ing'ae. Inapendeza mno, na ikilowa huteleza. Omba mkeka wa mpira.

Bwawa la uani kwa kawaida ni la kujitumbukiza kupoza mwili, halina nafasi ya kuogelea, na mara nyingi maji hayapashwi moto. Desemba utalitazama tu.

Waandikie moja kwa moja, kwa WhatsApp au barua pepe, na uwaulize haya:

1. Chumba changu kinaitwaje, na kiko orofa ya ngapi?
2. Ngazi ni ngapi, na zina mahali pa kushika?
3. Kina kiyoyozi cha kupoza na cha kupasha joto? Kuna malipo ya ziada?
4. Bafu lina mlango?
5. Dirisha linatazama wapi?
6. Kitanda ni kimoja kikubwa au viwili?
7. Nyumba ilikaguliwa baada ya tetemeko la tarehe 8 Septemba 2023?

Usione haya kuuliza swali la mwisho. Tetemeko lile lilibomoa sehemu za nyumba na za ukuta wa medina, na mwenye nyumba makini atakujibu bila kukwepa.

Tahadhari: ukijibiwa "vyumba vyetu vyote ni vizuri," uliza tena. Wakirudia jibu lilelile, tafuta nyumba nyingine.

*Umefaulu ikiwa* una maandishi yanayotaja chumba kwa jina, na picha za chumba hicho hasa.

## Hatua ya 3: Bei, kodi na siri ya "imejumuishwa"

Kabla ya kulipa, uliza mambo matatu: kifungua kinywa kimo? Kodi ya utalii imo? Ukilipa kwa kadi wanaongeza asilimia?

Kodi ya utalii hutozwa kwa kila mtu kwa kila usiku. Mara nyingi haimo kwenye bei uliyoiona mtandaoni. Hudaiwa mwishoni, tena taslimu. Si udanganyifu, lakini humkera mgeni asiyejua.

Misimu ya bei ya juu ni Machi hadi Mei, Septemba hadi Novemba, na wiki ya mwaka mpya. Ukimudu joto, Julai na Agosti vyumba vilevile hushuka bei.

## Hatua ya 4: Panga kupokelewa, na uandike saa vizuri

Nyumba itume dereva uwanja wa ndege, na mtu wao akusubiri pale gari linapoishia. Kwa kawaida huduma hii ni dirham (fedha ya Morocco) 150 hadi 250. Wengi huikataa kwa sababu teksi inaonekana rahisi zaidi. Kwa usiku wa kwanza, lipa. Unanunua mtu anayejua kichochoro.

Sasa saa. Sisi tunaowaza kwa saa za Kiswahili tumekosea hapa mara nyingi. Ukiandika "8" ukiwa na maana ya saa nane mchana, wao watakutarajia saa mbili asubuhi. Andika kwa mtindo wa saa 24: *14:00*. Kumbuka pia kwamba Morocco iko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa 2, na mwezi wa Ramadhani, wanaporudisha saa nyuma, tofauti huwa saa 3.

Watumie namba ya ndege, mji unakotokea, idadi ya watu na idadi ya masanduku. Ndege inayokuja moja kwa moja kutoka Ulaya, au kupitia Istanbul, hukushusha Menara, uwanja wa ndege wa Marrakech wenyewe. Ukishukia Casablanca na kupanda treni, safari ni karibu saa 2 na dakika 40. Hapo wape saa ya treni kufika, dereva akungoje stesheni.

Ukiweza kuchagua mwenyewe, panga ufike mchana. Njia ya kwanza ukiipita kwa mwanga, usiku wake hautakutisha.

*Umefaulu ikiwa* siku moja kabla ya safari umepata ujumbe wenye jina la dereva, namba yake na mahali atakaposimama na kibao.

## Hatua ya 5: Kutoka uwanjani hadi mlangoni

Hii ndiyo hatua inayowaangusha wengi, kwa hiyo isome mara mbili.

Uwanjani. Toa dirham kwenye mashine ya ATM, au badilisha kiasi. Sheria inakuruhusu kuingia na dirham 2,000 tu, kwa hiyo usisumbuke kuzitafuta nyumbani. Omba noti za 20 na 50. Noti ya 200 kichochoroni haina chenji. Nunua laini ya simu pale pale, kisha mtumie dereva neno moja: umefika.

Kama hukuagiza dereva. Kutoka Menara hadi medina ni kilomita chache. Patana bei kabla mlango wa teksi haujafungwa, na umtajie dereva *lango*, usimtajie jina la riadi. Dereva hawezi kuzijua riadi zote za mji, lakini Bab Doukkala anaijua. Teksi ndogo hubeba abiria watatu tu. Mkiwa wanne mtahitaji kubwa.

Gari likisimama. Usianze kutembea. Ikiwa mtu wa nyumba hayupo, piga simu ukiwa umesimama palepale, ikiwezekana mbele ya duka la dawa au mgahawa wenye taa. Dakika 10 za kungoja ni nafuu kuliko nusu saa ya kuzunguka.

Mizigo. Utaona wanaume wenye mikokoteni ya mkono, *karosa*. Hawa ni wachukuzi halali wa medina. Patana kwanza, dirham 20 hadi 50 zinatosha kwa umbali wa kawaida. Begi lenye pasipoti libaki mgongoni mwako.

Anayejitolea kukuelekeza. Atakuambia njia imefungwa, au riadi yako imefungwa, au Jemaa el-Fna iko upande ule. Mara nyingi njia haijafungwa. Mwisho wake ni kudaiwa fedha nyingi au kupelekwa kwenye viwanda vya ngozi karibu na Bab Debbagh kuuziwa bidhaa. Jibu kwa upole, bila kusimama: *La, shukran.* Usimtukane, usimbishie. Ukipotea kweli, ingia dukani umuulize mwenye duka. Yeye hawezi kuliacha duka lake akufuate.

Kuhusu ramani ya simu: kuta ni ndefu, njia nyembamba, na alama ya bluu huruka mtaa mzima. Itumie kujua uelekeo, kona uoneshwe na mtu wa nyumba. Vichochoro vingi vinavyoitwa *derb* havina mwisho wa kutokea. Ukiona ukuta mbele, umepita kona.

Na usikie neno moja: *Balak!* Ni "simile!" yao. Ukilisikia, banana na ukuta upande wa kulia bila kugeuka kutazama. Nyuma yako kuna mkokoteni, punda au pikipiki.

*Umefaulu ikiwa* mlango umefunguliwa na aliyekufungulia anakuita kwa jina.

## Hatua ya 6: Saa ya kwanza ndani

Utaketishwa uani, utaletewa chai ya mnanaa na halua. Kunywa kwanza. Kumkimbilia mwenyeji na maswali ya nywila ya intaneti kabla chai haijamiminwa kunamvunja moyo, na huyu ndiye mtu utakayemtegemea siku zote. Kisha utajaza fomu ya polisi: pasipoti, kazi, tarehe ya kuingia. Ni sheria, kila hoteli hufanya.

Kabla ya kufungua sanduku, kagua chumba mwenyeji akiwapo. Washa kiyoyozi usubiri kiitike. Fungua maji ya moto hadi yafike. Funga na ufungue mlango kwa ufunguo. Lala kitandani, sikiliza. Kama chumba si kile kilichotajwa kwenye ujumbe wako, onesha ujumbe huo sasa hivi, kwa sauti ya kawaida. Kubadilisha chumba ambacho hujakitumia ni kazi ya dakika 10. Kesho asubuhi huenda nyumba imejaa.

Mimi mwenyewe niliwahi kulala siku 3 kwenye chumba kisicho changu kwa kuona haya usiku wa kwanza. Nilipolalamika siku ya kuondoka, waliniuliza kwa huzuni ya kweli kwa nini sikusema. Sikuwa na jibu.

## Hatua ya 7: Kula nyumbani, na uagize mapema

Riadi nyingi hazina mgahawa unaofunguliwa muda wote. Kuna mpishi, mara nyingi mama wa makamo, anayekwenda sokoni asubuhi kununua kulingana na walioagiza. Ukishuka saa mbili usiku kuuliza kuna nini, utaambiwa hakuna, na ni kweli.

Agiza wakati wa kifungua kinywa. Kula nyumbani angalau usiku wa kwanza, kwa sababu hutalazimika kutafuta njia gizani. Tajini, mchuzi wa kupikwa taratibu kwenye chungu cha udongo, hupatikana popote. Ukitaka kitu cha Marrakech hasa, omba *tanjia*: nyama, vitunguu saumu, bizari na ndimu za chumvi ndani ya mtungi wa udongo, unaopelekwa kwenye tanuri la hamamu (bafu la umma) ya mtaa na kufukiwa kwenye majivu ya moto kwa saa nyingi. Iagize siku moja kabla.

Asubuhi utapata *msemen*. Ukiukunja kwa mkono utaona ni binamu wa chapati yetu, isipokuwa ni wa mraba. Upake *amlou*, rojo la lozi, asali na mafuta ya argani.

## Hatua ya 8: Ujue mlango wako

Siku ya kwanza, mwombe mtu wa nyumba akutoe hadi barabara kubwa. Rudi peke yako. Toka tena, rudi tena. Mara tatu, mchana.

Kwenye kila kona geuza mwili mzima utazame nyuma, kwa maana njia ya kurudi ina sura nyingine. Alama nzuri ni zile zisizofungwa usiku: tao, bomba la maji la mtaa, mnara wa msikiti, mlango wenye rangi ya pekee. Piga picha ya kila kona kwa mpangilio. Duka la viatu si alama, jioni litakuwa mlango kama milango mingine.

Mnara wa msikiti wa Koutoubia utakusaidia kujua uwanja mkuu ulipo kila unapopata upenyo wa anga. Wasio Waislamu hawaingii misikitini huko. Waislamu wanaweza kuswali humo kama popote.

*Umefaulu ikiwa* unafika mlangoni usiku bila kutoa simu mfukoni.

## Hatua ya 9: Kuondoka

Usiku wa mwisho, maliza hesabu: chakula, kodi, gari. Usiiachie asubuhi, mashine ya kadi ikikataa alfajiri hutakuwa na muda wa kutafuta ATM.

Bakshishi iweke kwenye sanduku la wafanyakazi kama lipo. Kama halipo, mpe kila mtu mkononi, na usimsahau mpishi na mlinzi wa usiku, ambao wageni wengi huondoka bila kuwaona.

Dirham zilizozidi zibadilishe kabla ya kupita ukaguzi, ukiwa na risiti za kubadilishia, kwa kuwa kutoka nazo kuna kikomo kilekile cha 2,000 na nje ya Morocco ni vigumu kupata wa kuzipokea.

Waambie saa ya ndege, kisha uwaachie wao wapange saa ya mchukuzi na ya gari. Ndege ikiwa ya alfajiri, omba mkate na chai vifungwe usiku. Mlinzi atakuamsha, atalisukuma sanduku hadi langoni, na atasimama nawe hapo mpaka taa za gari zionekane.